Jina la Kanga Juu ya Mkunjo

Mbunifu wa kanga anayetaka kumwonyesha mteja jinsi doti itakavyokaa mwilini, kabla kitambaa hakijachapwa, huchukua picha ya mwanamke aliyejifunga kitambaa cheupe, kisha huingiza mchoro wake juu yake ndani ya Photoshop. Nyingi ya kazi hizi hujulikana papo hapo kuwa ni za kubandika: pindo limenyooka mahali ambapo nguo imekunjamana, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, linasomeka herufi zote hata pale ambapo mkunjo ungemeza mbili tatu. Dawa inayokimbiliwa ni kuongeza vivuli vya kuchora kwa mkono. Nionavyo, kasoro huanza mapema zaidi, pale mchoro unapoingia kwenye picha, na vivuli vya baadaye haviwezi kuifuta.

Tuchukue mchoro wa pikseli 3,000 kwa 2,200, uwiano uleule wa kanga ya sentimita 150 kwa 110. Ukiunakili na kuubandika, unageuka leya ya kawaida. Ukiupunguza hadi 600 kwa 440 ili utoshe kwenye picha na kuthibitisha, zinabaki pikseli 264,000 kati ya milioni 6.6, nyingine zimetupwa moja kwa moja. Mteja akisema mchoro urudi ukubwa wake wa awali, kila pikseli iliyobaki italazimika kujaza nafasi ya 25, na nukta ndogondogo za mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, zitageuka ukungu. Amri ya Place inafanya kazi tofauti. Inauingiza mchoro kama Smart Object, nyenzo iliyokuja na toleo la CS2 mwaka 2005: chanzo kinahifadhiwa kizima ndani ya leya, na kila ukiupunguza, kuukuza au kuuzungusha, programu inakokotoa upya kutoka kwenye chanzo hicho.

Chanzo kikishakuwa salama, mikunjo ya kitambaa ifanyishwe kazi yenyewe. Leya ya mchoro ikiwekwa kwenye hali ya Multiply, thamani ya rangi yake inazidishwa na ile ya picha iliyo chini, kisha inagawanywa kwa 255. Penye kivuli cha 128 rangi inafifia kwa nusu. Penye weupe kamili inabaki ilivyo. Lakini kitambaa cheupe kwenye picha ni nadra kufika 255. Kikisoma 220, kanga nzima inapoteza takriban asilimia 14 ya mwanga wake, kwa hiyo picha ya chini isawazishwe kwanza. Isitoshe, Multiply haiwezi kung'arisha. Kwenye kanga ya kisutu, yenye nyeusi, nyekundu na nyeupe, sehemu nyeusi ni sifuri, na sifuri ukiizidisha kwa chochote ni sifuri, hivyo mikunjo yote inapotelea humo. Inahitajika nakala ya picha juu ya mchoro, iliyobakizwa sehemu za mwanga tu, kwenye hali ya Screen. Hatua hii ndogo ndiyo inayorukwa mara nyingi, na kisutu kinatoka kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi.

Herufi za jina nazo lazima zipinde. Kichujio cha Displace kinasoma nakala ya kijivu ya picha: thamani 128 haisogezi kitu, ilhali nyeupe na nyeusi zinasukuma pikseli pande zinazopingana. Nakala hiyo itiwe ukungu kidogo kabla ya kutumika, la sivyo kichujio kitafuata hata nyuzi za kitambaa, na kingo za herufi zitachanikachanika.

Wapo wanaosema mteja ataitazama picha kwenye simu, na kwamba Smart Object inafanya faili kuwa nzito. Kuhusu uzito wana haki, hasa kwa kompyuta yenye kumbukumbu ndogo. Wanaweza kuunganisha mchoro ulio nje ya faili, njia iliyopo tangu 2014, mradi faili zote mbili zisafiri pamoja. Anayetumia programu ya GIMP badala ya Photoshop alipata unafuu toleo la 3.0 lilipotoka Machi 2025, maana vichujio sasa vinabaki vikirekebishika. Mwenye toleo la zamani aweke nakala ya mchoro kwenye leya iliyofichwa. Hoja ya simu, hata hivyo, inasahau desturi ya mteja wa kanga. Rangi anaweza kuikubali siku ya kwanza, lakini jina hulibadilisha mpaka dakika ya mwisho, kwa sababu jina ndilo litakalosemwa mtaani. Aliyetumia Place anabofya leya mara mbili, anaandika jina jipya, anahifadhi, na herufi zinapita juu ya mikunjo ileile. Aliyebandika anarudi kuipinda kila herufi upya, na mteja anasubiri.