Jina la Havana na Kazi ya Mkono: Namna ya Kukagua Biri

Biri ya Kuba huuzwa kwa jina kabla ya kuuzwa kwa ladha. Mnunuzi akishaona pete ya njano na nyeusi ya Cohiba, au sanduku lenye muhuri wa kijani wa serikali ya Kuba, mara nyingi huwa ameshatoa uamuzi na mkono uko mfukoni. Sifa hiyo haikuokotwa barabarani. Ilichumwa kwa udongo, mbegu na jasho la watu. Lakini sifa hueleza biri imetoka wapi. Haielezi biri hii uliyoishika imesokotwaje. Anayeyachanganya mambo haya mawili ndiye anayelipa fedha nyingi na kuambulia moshi mchungu.

Tuanze na haki ya Kuba. Tumbaku yake bora hutoka Vuelta Abajo, katika mkoa wa Pinar del Río magharibi mwa kisiwa, hasa kuzunguka miji ya San Luis na San Juan y Martínez. Ni tumbaku ya hewa, kama wakulima wa Tabora wanavyoitofautisha na ile ya mvuke na ya moshi: majani hutundikwa kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, kwa wiki kadhaa, yakanyauka na kugeuka rangi taratibu bila moto. Kisha hulazwa katika marundo makubwa, yapate joto lake yenyewe na kuchachuka, ukali upungue na harufu ya amonia itoke. Majani ya kuvika biri kwa nje hulimwa chini ya vivuli vya kitambaa ili yawe mapana, laini na membamba. Nchi zinazoweza kutoa katika ardhi yake majani yote ya biri nzuri, ya ndani, ya kufungia na ya nje, si nyingi, na Kuba ni mojawapo. Hilo halina ubishi.

Ubishi unaanza mwaka 1960, serikali ya mapinduzi ilipotaifisha viwanda vya biri. Familia zilizokuwa nyuma ya majina makubwa ziliondoka: akina Cifuentes wa Partagás, akina Menéndez na García wa H. Upmann na Montecristo. Mwaka 1962 Marekani ikafunga soko lake kwa bidhaa za Kuba. José Orlando Padrón, mtoto wa familia ya wakulima wa Pinar del Río, alianza upya Miami mwaka 1964, na baadaye kazi yake ikaota mizizi Estelí, Nicaragua. Mbegu za Kuba zikapandwa Nicaragua, Honduras na Jamhuri ya Dominika, na mafundi wakafundisha mafundi. Ardhi ilibaki, ila ujuzi ulisafiri, na kwa zaidi ya miaka 60 umekuwa ukikua ugenini. Anayehukumu biri kwa jina la kisiwa peke yake anahukumu kwa ramani ya zamani.

Basi kagua kazi, na uanze na vidole. Ibonyeze biri taratibu kutoka ncha ya kuwashia hadi kichwani. Inatakiwa iitike sawasawa urefu wote. Panapobonyea kupita kiasi pana uwazi, na moto ukifika hapo utakimbia na moshi utaunguza ulimi. Penye donge gumu majani yamerundikana, na moshi hautapita. Tofauti hiyo huanzia mezani kwa msokotaji. Aliye hodari hukunja kila jani la ndani peke yake liwe mrija mwembamba, kisha huikusanya mirija hiyo ili hewa ipenye katikati. Mwenye haraka huyapanga majani moja juu ya jingine na kuyakunja kwa pamoja. Kazi huenda upesi, lakini upande mmoja hubaki mnene na biri huungua mshazari. Halafu tazama ncha ya kuwashia. Jani la juu ya mmea, lililopata jua zaidi, ambalo Wakuba huliita ligero, ni zito na huungua polepole, kwa hiyo mahali pake ni katikati. Likiwekwa pembeni, upande huo utachelewa kuungua hadi mwisho.

Jani la nje liwe na mafuta kidogo, mishipa myembamba na rangi moja isiyo na mabaka. Kichwani, tafuta mistari ya kifuniko: kazi safi ya Kuba huonyesha mizunguko mitatu iliyolala sawa. Ukishakata kichwa, vuta kabla ya kuwasha. Hewa ipite kwa ukinzani mdogo tu. Ikishawaka, majivu yashike kama sentimita mbili bila kupukutika, na duara la moto lishuke kwa usawa. Wala usidanganywe na rangi. Jani jeusi la nje si dalili ya ukali, maana nguvu hutoka zaidi kwenye majani ya ndani, na weupe wa majivu hutegemea madini ya udongo kuliko ufundi wa mtu.

Kwa vipimo hivi, jina kubwa limewahi kuanguka waziwazi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, biri zilipopata wanunuzi wengi duniani, Kuba iliongeza uzalishaji kwa kasi, na wavutaji wengi wakalalamika kwamba biri za bei kubwa zimeziba hazivutiki. Baadaye viwanda vikaweka mashine za kupima upitaji wa hewa. Mwaka 2022 bei ya Cohiba ilipandishwa sana katika masoko mengi, na Septemba mwaka huohuo kimbunga Ian kikabomoa maelfu ya mabani ya Pinar del Río. Bei ya leo, basi, ina ndani yake uhaba na heshima ya jina; si ushahidi kwamba msokotaji alikuwa makini siku ile.

Wapo watakaosema udongo wa Vuelta Abajo hauhamishiki, na ladha yake haina mfano. Ni kweli, na anayeipenda ladha hiyo hataipata kwingine. Lakini kuwa wa pekee si sawa na kuwa bora, na udongo mwema haumsamehei msokotaji mzembe. Wengine watasema ladha ni ya mtu na ulimi wake. Ladha, sawa, ila biri iliyoziba imeziba kwa kila mtu. Jarida la Marekani la Cigar Aficionado, ambalo waonjaji wake huvuta bila kuona pete, liliipa Montecristo Nambari 2 ya Kuba nafasi ya kwanza mwaka 2013, na mwaka uliofuata likaipa Oliva Serie V Melanio ya Nicaragua. Jina likifichwa, Kuba hushinda na hushindwa kama wengine.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, kuna kipimo kingine: duka lenyewe. Biri hutaka unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na ubaridi wa wastani. Joto la pwani likiachwa lifanye kazi yake, mayai ya mdudu wa tumbaku huanguliwa na jani hutobolewa tundu tundu. Kataa biri iliyowekwa wazi kwenye rafu, hata iwe na pete gani. Ikatae pia Cohiba ya sanduku lenye kifuniko cha kioo, kwa kuwa hiyo ni alama inayojulikana ya biri bandia. Na ufundi wowote haupunguzi sumu ya moshi: biri husababisha saratani, ya bei kubwa na ya bei ndogo.

Hukumu yangu ni hii: biri bora ya Kuba inastahili sifa yake, lakini pete ya Kuba haistahili imani ya upofu. Muuzaji akikunyima nafasi ya kuishika na kuikagua biri, rudisha fedha yako mfukoni.