Mpira, Harufu na Mkono wa Mwongozaji: Mbwa Wanavyofundishwa Kunusa Meno ya Tembo

Mpango wa mbwa wa uhifadhi ulioanzishwa mwaka 2014 na shirika la uhifadhi la African Wildlife Foundation (AWF), ambao kituo chake cha mafunzo kiko Usa River karibu na Arusha, ulikusudia kuwapatia askari wa wanyamapori wa nchi za Afrika Mashariki mbwa wenye uwezo wa kutambua meno ya tembo, pembe za faru na magamba ya kakakuona bandarini na katika viwanja vya ndege. Pua yenyewe haikuwa na shaka, kwani mbwa hukadiriwa kuwa na seli za kunusa zinazoweza kufika milioni 300, ilhali za binadamu ni takriban milioni 5 au 6, na pumzi anayoitoa hupitia mipasuko ya pembeni mwa pua ili isiisukume mbali harufu mpya inayoingia kwa mbele. Lakini pua hiyo karibu kila mbwa anayo, na ndiyo maana uteuzi huanzia mahali pengine kabisa.

Kinachopimwa kwanza ni tamaa ya mpira. Mteuzi huurusha mpira wa tenisi kwenye majani marefu, humshika mbwa hadi mpira utulie na usionekane tena, kisha humwachia na kumtazama bila kusema neno. Anayezunguka mara mbili na kurudi kwa binadamu huachwa, hata akiwa wa ukoo mzuri. Anayefaa ni yule anayeendelea kusaka, kichwa chini, mkia ukitikisika, kana kwamba ulimwengu mzima umebaki na kitu kimoja tu. Huyo naye hupitishwa kwenye sakafu inayoteleza, ngazi za chuma, giza na mshindo, kwa sababu bandarini yote hayo humsubiri.

Baada ya hapo harufu hufungamanishwa na mpira. Masanduku yanayofanana hupangwa mstari, moja likiwa na kipande cha jino la tembo, na mbwa anapolifikia na kusita, mpira humwangukia papo hapo. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika kimyakimya, kwa kuwa mbwa hujifunza chochote kinachotabiri mpira: mkufunzi akishika sanduku lenye sampuli kwa glavu ambayo hakushikia mengine, mbwa atahitimu akiwa bingwa wa kutafuta glavu. Kwa hiyo masanduku yote hushikwa kwa namna moja, sampuli hubadilishwa mara kwa mara, na chakula, kahawa, gundi na plastiki huwekwa katika masanduku yasiyo na zawadi. Ishara inayofundishwa ni kuketi au kuganda pua ikielekea chanzo, wala si kuparua, ili shehena na ushahidi visiharibiwe.

Kosa la binadamu halikomei kwenye glavu. Katika utafiti wa Lisa Lit na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliochapishwa mwaka 2011, timu 18 za mbwa na waongozaji zilipekua vyumba ambavyo havikuwa na harufu yoyote lengwa, huku waongozaji wakiaminishwa kwamba karatasi nyekundu zilionyesha ilipofichwa. Ishara 225 za uongo zilitolewa, zikiwemo nyingi kwenye karatasi hizo. Hatua inayopunguzwa au kamba inayokazwa humtosha mbwa kujua bwana wake anatarajia nini, na kwa sababu hiyo jaribio la kuhitimu lililo la haki ni lile ambalo mwongozaji na wote waliomo chumbani hawajui sampuli iko wapi, wala kama ipo.

Mbinu iliyoanza kujaribiwa katika bandari ya Mombasa Desemba 2017, kwa ushirikiano wa mashirika ya uhifadhi ya TRAFFIC na WWF pamoja na Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), inastahili kutazamwa kwa jicho hilo. Hewa ya ndani ya kontena hufyonzwa kwa pampu na kupitishwa kwenye chujio linalonasa chembe za harufu, kisha machujio hupelekwa kwa mbwa. Mbwa haburuzwi tena juani kati ya maelfu ya makontena, jambo lenye uzito mkubwa katika joto la pwani, maana mbwa anayehema mdomo wazi hanusi ipasavyo. Tena, machujio yakipangwa kwa namba pekee, mwongozaji hana shehena ya kuishuku, na mkono wake kwenye kamba hauna la kumwambia mbwa.