Kuungojea Moyo Ukosee
Daktari wa mapigo ya moyo huvaa aproni ya madini ya risasi, nzito begani, akasimama saa nyingi. Waya mwembamba huingizwa kwenye mshipa wa kinena, ukapandishwa hadi moyoni. Kisha kungoja moyo ukosee. Moyo unaokwenda mrama nyumbani hutulia kwenye kitanda cha hospitali, kama mtoto aliyeona mgeni.

Huko Bordeaux, Ufaransa, watafiti waliwangojea hivyo wagonjwa 45. Mwaka 1998 wakaandika: kati ya vyanzo 69 vya mapigo ya ziada yanayouvuruga moyo walivyovinasa, 65 vilikuwa ndani ya mishipa iletayo damu kutoka mapafuni. Nani angetafuta huko? Leo madaktari huunguza kingo za mishipa hiyo, nukta kwa nukta, ili kuyazuia mapigo hayo, na mgonjwa hurudi nyumbani na kidonda kidogo tu cha kinena.