Mkono Mmoja Mfukoni

"Umeiwasha?"

Ndilo swali la kwanza aliloniuliza fundi, hata sijaitua amplifaya mezani.

"Nimeiwasha, mzee. Mara mbili."

"Na fyuzi?"

"Zote mbili zimekatika."

"Ya tatu hukuweka waya?"

"Hapana."

"Basi bado ipo ya kutengenezwa," akasema, akanisogezea kigoda.

Kibanda chake kiko Feri, hatua chache kutoka pale abiria wa Kigamboni wanapomwagika wakishuka kwenye pantoni. Honi inaingia mlangoni, harufu ya samaki wa kukaanga inaingia dirishani, na upepo wa bahari unaingia kote na chumvi yake. Chumvi hiyo ni adui wa kazi yake. Inaigeuza shaba kuwa ya kijani, inatambaa juu ya bodi, na ikipata unyevu inapitisha umeme mahali usipotakiwa. Kwa hiyo kabla ya lolote alichukua mswaki wa zamani, akauchovya kwenye spiriti, akaisugua bodi yangu taratibu kama mtu anayemwogesha mtoto mwenye homa.

Ile amplifaya niliiunda mwenyewe kwa miezi minne. Vipuri nilivinunua Kariakoo kila mshahara ulipotoka: mwezi huu transfoma ya volti 25-0-25, mwezi ujao kapasita mbili za maikrofaradi 10,000, kisha transista za kutolea sauti, 2SC5200 na mwenzake 2SA1943. Alumini ya kupozea niliipata kwa wauza chuma chakavu, matundu nikayatoboa mwenyewe kwa drili ya kuazima. Kumbuka matundu hayo.

Nimekaa na mafundi wengi wepesi wa mikono. Huyu anachelewa, na nimerudi kwake mara nyingi kwa sababu hiyo hiyo. Siku ile nilifika saa tatu asubuhi. Waya wa umeme ulichomekwa ukutani saa saba kasoro. Saa zote zile katikati zilikuwa za kuhakikisha.

Alianza na zile kapasita. Amplifaya ilikuwa haijaguswa na umeme tangu jana yake, lakini hakuniamini mimi wala hakuziamini kapasita zenyewe. Wapo wanaozifyatua kwa ncha ya bisibisi, cheche zinaruka, kelele inatoka, na chuma kinabaki na kidonda. Yeye ana rezista moja nene ya wati 5, imelehemiwa kwenye waya mbili zilizovishwa mpira. Aliishika kwenye miguu ya kapasita, akahesabu kimya kimya, kisha akaweka mita kuangalia kilichobaki. Nusu volti. Ndipo akaingiza vidole.

Kisha akapima bila umeme, njia moja baada ya nyingine. Kati ya upande wa chanya na ethi mita ililia papo hapo. Shoti. Mimi ningekimbilia kuzichomoa transista zote mbili. Yeye alilegeza skrubu moja tu, akainua transista kwa upana wa unywele, mita ikanyamaza. Akaikaza tena, ikalia. Akaniangalia mara moja, akaiondoa kabisa.

Mgongo wa chuma wa transista ile unabeba volti 35 za chanya, wa mwenzake 35 za hasi, na zote mbili zimebanwa kwenye alumini moja iliyoungwa kwenye ethi. Kinachozitenganisha ni karatasi ya ulanga, madini yale yale yaliyokuwa yakichimbwa milima ya Uluguru enzi za ukoloni. Ni nyembamba mno, unaweza kuona kivuli cha kidole kupitia ndani yake. Alinipa niielekeze kwenye mwanga wa mlango. Pembeni mwa tundu kulikuwa na kitobo, kidogo kama kilichochomwa na sindano. Akachukua mkono wangu, akakiweka kidole changu kwenye tundu la alumini. Nilihisi ncha. Drili yangu ilikuwa imeacha ukingo wa chuma umesimama, na nilipokaza skrubu, ncha ile ikapenya ulanga na kuigusa transista.

Hakusema neno. Alichukua drili nene kuliko tundu, akaishika kwa vidole bila mashine, akaizungusha mdomoni mwa tundu mara tatu, nne, hadi ukingo ukalala. Akapitisha msasa mwembamba. Akapitisha shavu la kidole gumba. Kisha akafanya hivyo hivyo kwa matundu mengine yote, hata yale yasiyokuwa na kosa.

Wakati tunapaka grisi ya kupozea, aliisogeza ile 2SC5200 karibu na jicho. Maandishi hayakumpendeza. Akaniomba ruhusa aivunje. Nilisita, maana mita ilikuwa imesema ni nzima, naye akanieleza kwamba mita inapima kwa umeme kidogo sana. Hata kibarua dhaifu anaweza kubeba gunia tupu. Akaibana kwa plaizi, plastiki ikapasuka. Ndani, juu ya kile kibati cha shaba, kipande cha silikoni kilikuwa kidogo kuliko punje ya mtama. Toshiba waliobuni transista hii waliipa uwezo wa ampea 15 na wati 150, na silikoni ya kubeba mzigo huo huwa pana, inaonekana wazi kwa macho. Ile yangu ingeimba kwa sauti ya chini wiki nzima, na siku ya kwanza ya kuifungulia ingekufa na kuondoka na spika. Akafungua kopo la maziwa, akatoa jozi aliyoichomoa kwenye mashine ya zamani, miguu yake mifupi lakini mwili wake halali.

Kopo lile lina historia yake. Fundi huyu alijifunza kazi miaka ambayo vipuri havikuingia nchini kwa urahisi, bendi za dansi zikipiga kila wikiendi, na amplifaya ikiungua ilibidi ifufuliwe kwa mifupa ya nyingine. Zama hizo transista kubwa iliyopatikana ilikuwa 2N3055, ya aina moja tu, wakati amplifaya inahitaji mbili zinazosukuma na kuvuta kwa kupokezana. Mhandisi Hung Chang Lin wa RCA kule Marekani alishachapisha ujanja wake mwaka 1956: aina ile ile juu na chini, na transista ndogo ya kugeuza njia katikati. Fundi hajui jina la Lin, lakini saketi yake aliichora kwa penseli bila kuinua mkono.

Sasa tukafika kwenye balbu.

Ipo kwenye boksi la viatu, imezungushiwa gazeti: balbu ya wati 100 ya waya wa moto. Hizi zinaadimika, madukani zimejaa za LED ambazo kwa kazi hii hazifai kitu. Ameiunga kwenye njia ya umeme, hivi kwamba kila kinachokwenda kwenye amplifaya lazima kipite kwanza ndani yake. Waya wa balbu ukiwa baridi unapitisha umeme kwa urahisi. Ukipata moto unakuwa mzito mara kumi na zaidi. Kwa hiyo mashine ikiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote, inazimeza zile volti 230 yenyewe, na kinachopita hakifiki nusu ampea. Hakuna moshi, hakuna mlipuko. Na moto tunaujua: soko kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, sote tuliona. Katika mitaa hii iliyobanana, balbu ya namna hii mezani kwa fundi naiona kama tendo la ujirani mwema.

Aliichomeka. Mkono wa kushoto ukaingia mfukoni na ukabaki humo: umeme ukikupitia kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, unapitia moyoni. Balbu ikamemeta, kapasita zikishiba, kisha ikafifia hadi ukabaki uzi mwekundu usioonekana vizuri mchana. Akashusha pumzi. Nami pia.

Spika bado haikuwepo. Alipima chanya, akapima hasi, akapima mdomo wa kutolea sauti, ambao unatakiwa ukae karibu na sifuri: milivolti 12. Ndipo akazima, akasubiri, akaiondoa balbu njiani, akaweka fyuzi ya ampea 1 na kuwasha tena.

Kilichobaki ni ule umeme mdogo unaopita kwenye transista hata muziki ukiwa umenyamaza. Ukipungua, sauti ya chini inakwaruza. Ukizidi, transista zinapata joto, joto linaongeza umeme, umeme unaongeza joto, na mwisho wake unajulikana. Kabla ya kuwasha alikuwa ameshapima kirezista cha kuzungusha kinachourekebisha umeme huo, ili ajue upande wa chini ni upi. Sasa akakizungusha kidogo, kama mshale wa saa unaposogea sekunde moja, akasubiri. Tena kidogo, akasubiri. Juu ya rezista ya omu 0.22 alikuwa anatafuta milivolti 22, maana yake ampea 0.1. Kila transista ikipata joto la digrii moja, inahitaji kama milivolti 2 pungufu ili ipitishe umeme ule ule, hivyo namba inatambaa yenyewe. Yeye hakuifukuza. Aliiacha itambae, akaenda mlangoni kununua kahawa, akarudi ikiwa imetulia.

Spika aliyoiunga ilikuwa kuukuu, imechanika ukingoni, ya kutolewa kafara. Akainamisha sikio. Kulikuwa na mvumo. Akafuata waya wangu wa ethi kwa ncha ya penseli hadi pale nilipouunganisha kati ya zile kapasita mbili na mlango wa kuingizia sauti, akazima, akauhamisha waya mmoja tu hadi sehemu ambapo ethi zote zinakutana. Akawasha. Nilidhani spika imekatika. Akachomeka simu yake, na gitaa za bendi ya Mlimani Park zikaingia kibandani, chini chini, safi, kila uzi peke yake.

Akaiacha ipige saa nzima. Akagusa alumini, akapima upya, kisha akaandika kwa penseli ndani ya mfuniko: tarehe, volti, 12, 22, na chini yake safu ya pili, 9, 23. Akaifungua balbu kwenye kishikio, akaipuliza vumbi, akaizungushia gazeti.