Kavasha Haipigwi Pasi

Tuanze na mpiga gitaa, maana ndiye aliyetukanwa bure. Wimbo ule wa zamani wa dansi, uliorudiwa chumbani na kijana mmoja wa Kinondoni na ambao wiki hizi mbili umepita kwenye simu ya kila mpenda zilipendwa, unakwenda vizuri kwa dakika mbili na ushee. Kisha unaingia chemko, sehemu ile ya kuchangamka, na gitaa la ridhimu linaanza kusikika linachelewa. Mmelisikia wenyewe. Wengi wenu mmesema mzee wa watu amechoka, vidole vimekufa ganzi, angebaki nyumbani acheze na wajukuu. Mimi nimepewa faili zima la wimbo, nimelifungua chombo kimoja kimoja, na nasema hivi: gitaa halina kosa hata chembe. Kilichohama ni dramu.

Kwanza nimsifu kijana: kiki iko mahali pake, besi imekaa, sauti za dramu zimechaguliwa kwa sikio zuri, na ile hila ya kupandisha kasi polepole kutoka mapigo 118 hadi 125 kwa dakika kabla ya chemko ni ya mtu aliyewasikiliza wakubwa zake. Basi, sifa zimekwisha.

Kijana hana mpiga dramu wala chumba cha kuweka dramu. Ana kompyuta, programu ya dramu na kinanda kidogo cha MIDI. Alichofanya mwanzoni ndicho ambacho ningemwomba akifanye: aliacha gruvu zote zilizokuja na programu, akaketi, akaupiga mdundo wa kavasha kwa vidole. Kiki namba 36, sneya 38, haihati 42. (Hiyo 36 wengine huiita C1 na wengine C2, kutegemea kampuni, ugomvi huo umewazeesha watu.) Aliipiga chemko nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kukata duru moja na kuirudufu. Kisha akawaita mpiga gitaa na mpiga besi, wakavaa spika za masikioni, wakapiga juu ya mkono ule.

Wazee walipokwisha kunywa chai yao na kupanda daladala, kijana akazichagua noti zote za chemko, akabonyeza kwantaizi, inayozivuta noti hadi kwenye gridi. Gridi ya 1/16. Nguvu asilimia 100.

Haikuishia hapo. Aliposikiliza akaona dramu imekauka, sneya inalia kama cherehani. Badala ya kurudi alikotoka, akafungua kidirisha cha hyumanaizi akaiamuru kompyuta itawanye noti kwa bahati nasibu, tiki 12 mbele au nyuma, na velositi (nguvu ya kila pigo) nazo zipande na kushuka zitakavyo. Yaani alimfukuza mtu mlangoni, kisha akaweka sanamu dirishani ili majirani wadhani yupo.

Nilimpigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza kisa. "Mzee, nilikuwa nasafisha tu," akasema.

Kusafisha! Hebu tuhesabu alichokifuta. Kwa kasi ya 125, pigo moja lina milisekunde 480. Faili lake lina tiki 480 kwa kila pigo, kwa hiyo tiki moja ni milisekunde moja kamili. Hatua moja ya 1/16 ni milisekunde 120. Kavasha aliyoipiga, kama mnavyoijua, ina hatua 16 kwa duru, na mkono unagonga hatua ya 1, ya 4, ya 7, ya 11 na ya 12. Alikuwa ameuhifadhi mkupuo wa kwanza kabla hajaugusa, kwa hiyo nikaweza kupima. Hatua ya 1 iko juu ya gridi. Ya 4 inawahi kwa tiki kama 8. Ya 7 inawahi kidogo, kama 5. Ya 11 inarudi kwenye mstari. Ya 12, ambayo ndiyo inayofunga sentensi, inachelewa kwa tiki kama 14. Duru inayofuata, hivyo hivyo. Inayofuata, hivyo hivyo. Tofauti kati ya duru moja na nyingine ni tiki mbili tatu tu, hadi anapoanza kuchoka karibu na mwisho.

Hapo ndipo penye hoja yangu yote. Mkono ule haukuwa na makosa yaliyotapakaa ovyo. Ulikuwa na lafudhi. Mtu wa Unguja akisema neno kwa lafudhi yake, analisema hivyo asubuhi na jioni. Hulitambui neno hilo kuwa kosa, unatambua anakotoka. Kwantaizi ya asilimia 100 ilifuta lafudhi, na hyumanaizi ikaleta kigugumizi badala yake. Sasa hatua ya 4 katika duru hii inawahi, katika duru ijayo inachelewa, na ile ya 12 haijui kama inafunga au inafungua. Velositi nazo zimepata ajali ileile. Mkono wake ulikuwa ukikandamiza hatua ya 1 na ya 12, zikifika 110 na zaidi, huku zile za kati zikikaa 70 hadi 85. Baada ya bahati nasibu, kuna duru ambamo hatua ya 7 inapiga kelele kuliko zote. Kwa nini? Hakuna aliyeamua.

Sasa rudini kwa mzee wa gitaa. Yeye alipiga akisikia hatua ya 12 iliyochelewa kwa milisekunde 14, akaiegemea, kama mpiga ridhimu yeyote mwenye akili anavyoegemea sneya. Alipokwenda zake, sneya ikavutwa nyuma yake hadi kwenye gridi, kisha ikarushwa huku na huko kwa 12. Zinapokutana vibaya, gitaa na sneya vimeachana kwa milisekunde 26. Sikio la mtu wa kawaida haliwezi kukutajia namba hiyo, lakini linajua kuna mtu amekosea, na kwa kuwa dramu ya kompyuta inaaminika kama saa ya benki, lawama zote zikamwangukia mwenye nyuzi. Besi iliokoka kwa sababu tu ilikuwa imeshikana na kiki, na kiki tangu mwanzo ilikuwa karibu na mstari.

Kavasha tunaijua kwa Zaiko Langa Langa, bendi iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1969, na mtu ambaye jina lake halitenganishwi na mdundo huo ni mpiga dramu wao, Meridjo Belobi. Husimuliwa kwamba aliupata kutokana na sauti ya treni. Iwe kweli au porojo za wanamuziki, simulizi hiyo ina elimu kuliko kidirisha cha hyumanaizi. Aliyesafiri Reli ya Kati kwa behewa la daraja la tatu anajua: magurudumu yakipita kwenye maungio ya reli hayagongi kwa nafasi zinazolingana. Lakini yanagonga vilevile kila mara, na ndiyo maana mtoto analala. Treni ingegonga kwa bahati nasibu, abiria wote wangesimama kuchungulia dirishani.

Msisikilize ubishi wa wale watakaosema dawa ilikuwa swingi. Nimewasikia tayari. Swingi ni kitu kizuri na aliyetuletea ni mtu wa heshima: Roger Linn, aliyetoa mashine ya dramu ya LM-1 mwaka 1980, kisha akabuni MPC60 ya Akai iliyoingia sokoni mwaka 1988. Lakini swingi inafanya kazi moja tu: inachelewesha kila hatua ya shufwa. Weka swingi ya asilimia 54 kwenye kasi hii, na hatua za 2, 4, 6 na kuendelea zitachelewa kwa karibu milisekunde 10 kila moja. Kwa hatua ya 12, sawa, umekaribia. Kwa hatua ya 4 umeharibu kabisa, maana ile ilitakiwa iwahi. Za 7 na 11, ambazo ni witiri, hazitaguswa. Kavasha haimo katika swingi, kama vile pilau haimo katika chumvi.

Na kwa kuwa nimemtaja Linn, nimalize. MPC60 ilikuwa na tiki 96 tu kwa kila pigo. Kwa kasi ya 125 hiyo ni milisekunde 5 kwa tiki, ungo wenye matundu makubwa. Watu walitengeneza nayo midundo yenye uhai wa kutosha kwa sababu walijua lini wasibonyeze kwantaizi. Kijana wetu ana ungo wenye matundu madogo mara tano kuliko ule, na ameutumia kuchujia mchanga.

Mhariri aliniomba nisirudie tena habari ya ramani ya General MIDI. Narudia. Ramani ile ya mwaka 1991 ilitenga namba 35 hadi 81 kwa ala za kupigwa, jumla sauti 47. Filimbi ya refa imo, tena mara mbili, fupi na ndefu. Haihati imepewa tatu: kufungwa ni 42, ya mguu 44, kufunguliwa 46, kana kwamba mguu wa binadamu haujui robo wala nusu. Tumba nazo tatu: 62, 63, 64. Mwiteni mpiga tumba yeyote wa Msondo au Sikinde mmwambie achague sauti tatu tu halafu zilizobaki aziache mlangoni na viatu vyake, mwone atakachowajibu. Programu za siku hizi zimeivuka ramani hiyo kitambo, lakini vijana bado wanafikiri ndani ya kuta zake. 

Kama ni haihati tunayoitaka, tuwasikilize Les Wanyika. Bendi ile iliundwa Nairobi mwaka 1978 na watu waliotoka Simba Wanyika, na kwenye dramu alikaa Rashid Juma. Chukueni Sina Makosa (jina ambalo mzee wetu wa gitaa angeweza kuliazima wiki hii), mfuate haihati peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Haipandi mabega, haitafuti sifa, lakini magitaa yote yamening'inia juu yake kama nguo kwenye kamba. Hakuna fundi ambaye angeweza kuivuta kamba ile baada ya nguo kuanikwa. Ndivyo pia zilivyorekodiwa bendi zetu kwenye studio ya Radio Tanzania: kundi zima kwa wakati mmoja. Mpiga dramu akiwahi, wote wanawahi naye, na kosa likishakuwa la watu kumi linaitwa mtindo.

Afanye nini sasa? Kazi ya kweli haikuzidi nusu saa. Mkupuo wake una mapigo kama ishirini ambayo kweli yameteleza, mengi yakiwa mwishoni alipochoka. Hayo yasogezwe moja moja kwa kipanya, yafuate mahali ambapo mkono wake huwa unagonga, na gridi isiulizwe. Akitaka lazima kukaza kidogo, programu karibu zote zina kipimo cha nguvu ya kwantaizi: akiweka asilimia 30, ile milisekunde 14 inabaki karibu 10, na lafudhi bado inasikika. Zipo pia zinazoweza kuichukua gruvu ya mkupuo mmoja na kuivika noti nyingine. Angechukua duru nane bora alizopiga mwenyewe, akazifanya kielelezo, na zile zilizochoka zikakifuata. Hapo kompyuta ingekuwa inafanya kazi chini ya kijana. Na lolote analoligusa kwenye sneya alifanye kabla gitaa halijaingia, au alifanye akiwa amemwita mzee arudi.

Nilimwambia afungue mkupuo wa kwanza, aurudishe chini ya magitaa yaleyale, anitumie dakika moja ya chemko. Ilinifikia saa nne usiku. Sikuhitaji kupima tena. Ridhimu ilikaa juu ya hatua ya 12 kama mtu anayerudi kwenye kiti chake, na solo, ambalo katika toleo mlilonalo linasikika kama linaomba ruhusa, likaanza kutamba.

Faili hilo bado lipo kwenye kompyuta yake. Amelipa jina la "dramu chafu". Nimemwomba alibadilishe jina kabla hajalifuta.