Wanafunzi Wawili wa Tabora na Sheria za Kutunga

Kipo kitabu kimoja ambacho kimewagombanisha washairi wa Kiswahili kwa zaidi ya nusu karne. Ni Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, cha Sheikh Kaluta Amri Abedi, kilichotoka mwaka 1954, mwandishi akiwa na umri wa miaka thelathini tu. Wapo wanaokishika kama katiba ya fani, na wapo wanaokiona pingu. Mimi nilikisoma peke yangu, bila mwalimu, nikibishana nacho takriban kila ukurasa, na ubishi ule ndio ulionisomesha. Ninakirudia leo kwa sababu ya jambo nililokutana nalo Tabora, ambalo si la vina na mizani peke yake. Ni namna darasa linavyoweza kumchosha mwanafunzi wake aliye hodari kuliko wote.

Amri alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akasoma Tabora. Miji hiyo miwili ni vituo vya njia moja, ile ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapumzika Unyanyembe, ikaishia ziwani. Kiswahili kilifika huko kwa miguu, vinywani mwa wapagazi na wafanyabiashara, kabla ya kuwapo shule yoyote ya serikali. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyeipita njia hiyo mara nyingi, alipokaa kuandika maisha yake kwa Kiswahili hakuwa akijibu swali la mtihani.

Shule ya serikali ya Tabora ilifunguliwa katika miaka ya ishirini, kwanza kwa ajili ya watoto wa machifu. Mwaka 1937 akaingia Julius Nyerere, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki. Yeye na Amri walipita shule hiyo hiyo katika miaka inayokaribiana, na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, waliujia ushairi wa Kiswahili. Lakini waliujia kwa milango inayotazamana.

Amri alishikilia kuwa shairi sharti liimbike, na ili liimbike liwe na vina na mizani. Nyerere, alipomfasiri Shakespeare, alitoa Julius Caesar mwaka 1963 (akairekebisha kuwa Juliasi Kaizari mwaka 1969) kwa mishororo isiyo na vina. Mtu asidhani aliviacha kwa kutoviweza. Tenzi za Biblia zake za mwaka 1996 zinamkanusha. Aliviacha kwa sababu kazi iliyokuwa mbele yake haikuvitaka. Mimi niliyehangaika na tafsiri miaka mingi naona kwamba alisikia jambo ambalo wengi wetu hatukulisikia: upatanisho wa viambishi vya Kiswahili huleta mwangwi wake wenyewe, hata kina kisipokuwapo mwishoni. Katika hotuba za uwanjani mwangwi huo unambeba. Katika mizaha ya maneno haumbebi, na pale naona kalamu yake ikichoka. Kadhalika Mabepari wa Venisi, ya mwaka 1969, imeanza kuhukumu tangu jaladani: mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare amekuwa mabepari wengi. Unaweza kukubali au kukataa, lakini huwezi kusinzia.

Kinachowaunganisha watu hawa wawili ni kwamba kila mmoja aliuliza mshororo unaweza kubeba nini. Tazama neno alilolichagua Amri katika anwani yake: kutunga. Anazungumza na mtu aliyeshika kalamu na ambaye bado anaweza kukosea. Ugomvi wa miaka ya sabini, ulipotoka Kichomi cha Kezilahabi mwaka 1974 na Malenga wa Bara ya Mulokozi na Kahigi mwaka 1976, nao ulikuwa ugomvi wa watungaji. Shule ilipoupokea iliugeuza visanduku viwili, ushairi wa kimapokeo na ushairi wa kisasa, na mwanafunzi akaambiwa ataje sifa za kila kimoja.

Sisemi kwamba mihtasari haikuwa na mada ya utungaji. Ilikuwamo. Lakini mtahini hupenda kinachohesabika, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi humfuata mtahini. Kimbunga cha Haji Gora Haji, baharia na mvuvi wetu wa Tumbatu, kilisomwa kwa miaka mingi kidato cha tano na cha sita. Nguvu ya mafumbo yake ni kukataa kufunguka siku moja. Darasani hufunguliwa kwa dakika arubaini: dhamira, ujumbe, falsafa, muundo, mtindo. Kijana mzito hupata pa kushika hapo, nami simwonei choyo. Yule mwepesi amekwisha maliza kabla chaki haijawekwa chini, akabaki kutazama dirishani.

Tabora ina shule mbili miongoni mwa zile zinazoitwa za vipaji maalumu, ya wavulana na ya wasichana. Huchukua wenye alama za juu, kisha huwapa muhtasari ule ule na mtihani ule ule wa Baraza wanaopewa wengine wote. Uji ni ule ule, bakuli tu ndilo lililosuguliwa. Mitaala mipya imeanza kuingia madarasani tangu mwaka 2024, na sitaihukumu mapema. Nangoja nione maswali ya mtihani wake.

Nilialikwa kusoma mashairi katika shule moja ya huko, ambayo sitaitaja. Baada ya kisomo alinifuata kijana mmoja akiwa na daftari lake la Kiswahili. Mbele mlikuwa na madokezo ya darasa, yamenakiliwa kwa hati safi isiyo na uhai. Nyuma, kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi ndani, alikuwa anaufasiri mchezo wa Kiingereza wanaousoma darasani. Kurasa tatu za kwanza alikwenda kwa mizani kumi na sita, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Ukurasa wa nne akaviacha vina. Pembeni mwalimu aliyeliona alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: zingatia kazi uliyopewa.

Kijana hakuulizia wino mwekundu. Aliuliza kama, alipoviacha vina, alikuwa amekosea au ameanza kupatia, na akaonyesha kwa kidole mshororo hasa ambapo vilimshinda. Niliusoma mara tatu. Kina kilikuwa kimemlazimisha mhusika aseme uongo, naye akamhurumia mhusika. Nilimwambia aanze upya kutoka hapo. Niliporudi kisiwani nilimpelekea nakala yangu ya Sheria za Amri, pambizo zake zimejaa ubishi wangu, nikaacha kurasa tupu mbili nyuma kwa ajili ya wake.