Maji yaliyotolewa kwenye bomba: jinsi Augustenborg ilivyofufuliwa

Augustenborg ni mtaa wa nyumba za kupanga katika jiji la Malmö, kusini mwa Uswidi. Ulijengwa kati ya 1948 na 1952 na una wakazi kama 3,000. Kufikia miaka ya 1980 ulikuwa umechakaa: wenye uwezo walihama, ajira ilikuwa shida, na mvua kubwa ikinyesha vyumba vya chini ya ardhi vilijaa maji machafu.

Mafuriko hayo yalitokana na mtandao wa mabomba. Bomba lile lile lilibeba maji taka ya majumbani na maji ya mvua. Mvua ilipozidi uwezo wake, mchanganyiko huo ulirudi nyuma na kuibukia sakafuni mwa watu. Mhandisi wa kawaida angechimba barabara na kulaza bomba nene zaidi. Mwaka 1998 jiji na MKB, kampuni ya nyumba inayomilikiwa na manispaa, walichagua njia nyingine: kuyaondoa maji ya mvua kwenye bomba na kuyapitisha juu ya ardhi, mbele ya macho ya wakazi.

Safari ya maji inaanzia juu. Mapaa kadhaa yalipandwa sedumu, mimea mifupi yenye majani manene yanayotunza maji, juu ya udongo wa sentimita chache tu, kwa kuwa mapaa ya zamani hayangehimili uzito mkubwa. Sehemu ya mvua hunyonywa hapo na kurudi hewani kama mvuke. Inayobaki hushuka hadi kwenye mifereji ya wazi, jumla ya kilomita 6 hivi, ikielekea kwenye mabwawa 10. Uwanja wa shule nao ulichimbwa sehemu ukawa na ngazi za kukalia: siku kavu watoto hucheza humo, siku ya mvua kubwa hugeuka hifadhi ya maji.

Kitu kinachonivutia zaidi ni sakafu ya baadhi ya mifereji hiyo. Mkazi mmoja wa mtaa alibuni vinundu vya umbo la yai ambavyo huyachezesha maji hata yakiwa haba, yasituame. Wazo hilo lilitoka kwa mtu anayepita hapo kila siku, na wataalamu wakalikubali. Wazazi nao walihofia watoto kuzama, na hofu yao ikazingatiwa katika usanifu wa mabwawa. Ushirikishwaji wa wananchi ninaouamini ni huu, unaoacha alama kwenye zege. Mahudhurio ya mikutano peke yake hayanitoshi.

Tarehe 31 Agosti 2014 Malmö ilipigwa na mvua ya takriban milimita 100 kwa saa chache. Sehemu nyingi za jiji zilifurika. Augustenborg, iliyokuwa ikifurika kwa mvua ndogo kuliko hiyo, ilipata madhara machache.

Je, sisi wa Afrika Mashariki tunaweza kuuiga mfumo huu? Mapaa, kwa tahadhari. Malmö hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, tena imesambaa. Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000, na sehemu kubwa huanguka wakati wa masika. Udongo wa sentimita chache utakuwa umeshiba maji kabla mvua haijakolea. Mifereji na viwanja vya kuhifadhi maji vina nafasi kubwa zaidi kwetu.

Ugumu mkubwa uko kwenye umiliki. Augustenborg, mwenye nyumba mkuu ni mmoja, na hahami. Alipokata mabomba ya mapaa yake hakuhitaji kubembeleza wamiliki mia wa viwanja mia, kama ambavyo ingelazimu katika mitaa kama Tandale ya Dar es Salaam au Mukuru ya Nairobi. Gharama za matunzo pia ziligawanywa kwa uwazi: kampuni ya nyumba iliweka sehemu yake ndani ya kodi ya pango, mamlaka ya maji ikatumia ankara za maji, na jiji likatumia bajeti yake ya kawaida. Mitaro yetu mingi hujengwa kwa fedha za mradi, na mradi ukifungwa hakuna fungu la kuzoa mchanga na taka. Mtaa wenye wamiliki wengi utalazimika kukubaliana kwanza nani atalipia koleo na toroli kila mwezi, kabla ya mchoro wa kwanza kuchorwa.